Picha Imehama, Mpaka Haukutani: Matatizo ya Mshono wa Msalaba Yanayotokana na Mahali pa Kuanzia

Kosa la mahali pa kuanzia halionekani siku ya kuanza. Msalaba wa kwanza hupendeza popote utakapouweka. Shida hujitokeza baadaye sana, nyuzi zimeshaingia, macho yameshachoka, na ndipo unagundua kwamba ua la mwisho linaangukia ukingoni mwa kitambaa. Ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu kwa dalili. Tafuta kile unachokiona kwenye kazi yako, kisha turudi nyuma pamoja hadi pale kilipoanzia.

Humu nitasema mraba nikimaanisha ule wa kwenye mchoro, uwe wa karatasi au wa simu, na kijumba nikimaanisha kile cha kwenye kitambaa, kilichozungukwa na matundu manne. Mraba mmoja wenye alama ni msalaba mmoja juu ya kijumba kimoja.

Wengi tumefundishwa kanuni moja tu: anza katikati. Ni kanuni nzuri kwa picha ya kutia fremu, ila ikilazimishwa kwa kila kazi inazaa mengi ya matatizo yaliyomo humu. Mimi nashikilia jambo jingine. Anzia mahali ambapo ukikosea hesabu utajua mapema, na ambapo unaweza kuhesabu tena kutokea upande wa pili. Kwa kazi fulani mahali hapo ni katikati, kwa nyingine ni pindoni, na kwa nyingine ni kwenye kona.

Picha imekimbilia upande mmoja, au nafasi imekwisha kabla ya mchoro

Chanzo cha kwanza ni kukadiria kwa jicho. Tiba yake ni hesabu ya darasa la nne. Chukua mchoro wa miraba 140 kwa 98. Kwenye kitambaa cha Aida ya 14, yaani chenye vijumba 14 kwa kila inchi, gawanya 140 kwa 14 upate inchi 10, na 98 kwa 14 upate inchi 7. Hiyo ni sehemu itakayoshonwa tu. Ongeza inchi 3 kila upande kwa ajili ya mshiko na fremu, ukate kitambaa cha inchi 16 kwa 13. Mchoro huohuo kwenye Aida ya 11 unakaribia inchi 12 na robo tatu kwa 9. Aliyekata inchi 16 kwa 13 akidhani ana Aida ya 14, kumbe ni ya 11, atabakiwa na inchi moja na nusu hivi kushoto na kulia hata kama alianza katikati barabara, na fundi wa fremu atakuwa na kidogo mno cha kukunjia.

Kwa hiyo chanzo cha pili ni kitambaa chenyewe. Kitambaa cha kupimiwa dukani mara nyingi hakina lebo, na muuzaji anaweza kukutajia namba kwa nia njema kabisa akakosea. Pima mwenyewe. Laza futikamba, hesabu vijumba ndani ya inchi 5 ukivigusa kimoja kimoja kwa ncha ya sindano. Vikiwa 70, ni Aida ya 14. Halafu geuza futikamba upime upande wa pili. Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini duara limetoka kama yai. Kama upande mmoja una vijumba 70 na mwingine 65 ndani ya urefu uleule, hakuna mahali pa kuanzia patakapokuokoa. Kitambaa hicho kitumie kwa maua na majani, ambayo yakirefuka kidogo hayamsumbui mtu. Duara, nyumba na maandishi yatafutie kingine.

Chanzo cha tatu ni kitambaa kilichosimama na mchoro uliolala. Unakikunja, unapata katikati sahihi kabisa, kisha unaanza kushona upande mrefu wa picha kuelekea upande mfupi wa kitambaa. Kabla ya sindano kugusa kitu, tia uzi wa rangi kwenye kona ya juu kushoto ya kitambaa na uweke alama kona hiyohiyo kwenye mchoro. Ukirudi kwenye kazi baada ya wiki mbili hutahitaji kukumbuka juu ni wapi.

Kuna na hili dogo ambalo huwababaisha hata wazoefu: katikati yenyewe iko wapi? Idadi ya miraba ikiwa shufwa, kama 140, mstari wa kati unapita baina ya mraba wa 70 na wa 71, na kwenye kitambaa hapo ni tundu. Idadi ikiwa witiri, kama 43, katikati ni mraba mzima, yaani ndani ya kijumba. Mchoro wenye urefu shufwa na upana witiri una katikati inayoangukia baina ya matundu mawili. Kwa picha moja ya ukutani kosa la kijumba kimoja halina madhara. Kwa foronya mbili zinazotakiwa kufanana kitandani, linaonekana.

Ili kuipata katikati hiyo, kunja kitambaa mara mbili, kwa urefu na kwa upana, ubonyeze mikunjo kwa kucha. Kisha piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa rangi tofauti kufuata mikunjo yote miwili, moja kwa moja kwenye safu ileile ya matundu. Usitegemee mkunjo peke yake, maana unapotea ukishatia fremu ya duara. Penseli huchafua uzi mweupe. Kalamu za kufutika kwa maji zinafaa, ila ukipiga pasi kabla ya kuifua alama inaweza kuganda moja kwa moja.

Na kama tayari umeshona na picha imehama? Pima kwanza kilichobaki upande mwembamba. Ikibaki inchi moja na nusu au zaidi baada ya mchoro kukamilika, endelea, kisha ukate upande mnene ulingane nao. Ikibaki chini ya hapo, unaweza kuunga ukanda wa kitambaa cha pamba ukingoni, mbali na picha, ili fundi wa fremu apate pa kushika. Mchoro ukivuka ukingo, hapo hakuna ujanja. Fumua, au punguza mchoro wenyewe.

Umeanza katikati, na katikati hakuna kitu

Hii hutokea kwenye shada la maua linalozunguka jina, au mchoro wenye uwazi kati. Mishale ya pembeni mwa mchoro inakutania kwenye mraba mtupu, nawe unaamua "kusogea kidogo" hadi kwenye alama. Hapo ndipo hesabu hupotea.

Usisogee kimshazari. Fuata mstari wa kati peke yake, juu au chini, hadi ukutane na alama ya kwanza, na uhesabu miraba mitupu njiani. Tuseme ni 17. Kwenye kitambaa hesabu vijumba 17 kwenye mstari uleule wa bandi, tia sindano uiache hapo. Kisha hakiki kutokea nje: kutoka ukingo wa juu wa mchoro hadi alama ile ni miraba mingapi, na kwenye kitambaa, kutoka mahali ukingo huo wa juu utakapoangukia hadi sindano ni vijumba vingapi? Namba zikikubaliana, shona. Zisipokubaliana, hujapoteza hata uzi mmoja.

Jambo jingine la kuangalia ni ujirani. Msalaba wa kwanza unahitaji wenzake. Mkia wa uzi hushikwa na misalaba minne au mitano ya rangi ileile iliyo jirani, kwa hiyo kuanzia kwenye nukta moja iliyojitenga ni kujitakia shida hata kama iko katikati kabisa. Chagua fungu kubwa la rangi moja lililo karibu zaidi na kati.

Mpaka umezunguka, ncha hazikutani

Hii ndiyo inayovunja watu moyo kuliko zote, kwa sababu kosa ni la kijumba kimoja tu na adhabu yake ni safu nzima. Ulianza kona ya juu kushoto, ukaenda kulia, ukashuka, ukarudi, ukapanda, na mwisho umefika tundu moja chini ya ulikoanzia. Kijumba kimoja kilirukwa mahali fulani, na hujui upande gani.

Chanzo ni kuanzia kona na kuzunguka upande mmoja. Ukienda hivyo, hakuna kinachokukosoa mpaka mwisho. Anzia katikati ya upande wa juu. Toka hapo kwenda kulia hadi kona, rudi katikati uende kushoto hadi kona, kisha shuka pande zote mbili kwa zamu, ua moja kulia, ua moja kushoto. Sasa pande hizo zinahakikiana. Baada ya kila ua, tembeza ncha ya sindano kwenye safu moja ya matundu kutoka kushoto mpaka kulia. Kitambaa hakidanganyi: sindano ikiangukia jani la chini upande huu na shina upande wa pili, kosa limetokea ndani ya ua hilohilo ulilomaliza sasa hivi.

Kwa kazi kubwa piga gridi. Michoro mingi ina mstari mzito kila miraba 10, basi nawe piga bandi kila vijumba 10 kitambaa kizima. Inachosha, lakini inarudisha muda wake mara nyingi. Uzi wa kawaida wa bandi una tatizo moja, sindano huutoboa na baadaye hautoki bila kuvuta misalaba. Mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, ule wa nailoni, ni bora zaidi. Hautoboki, unateleza, na ukimaliza unauvuta wote kwa mkono mmoja. Duka lolote la vifaa vya uvuvi pwani au ziwani litakuwa nao.

Tuseme umeshafika mwisho na ncha zimepishana. Mpaka ukiwa wa maumbo ya hesabu, kama zigizaga au ngazi, fumua hadi kwenye kosa, kwa sababu jicho la mtazamaji litalipata. Mpaka ukiwa mti unaotambaa wenye majani, unaweza kurefusha shina kwa kijumba kimoja katikati ya upande mrefu. Usirekebishe kwenye kona kamwe. Kona ndiyo ya kwanza kutazamwa.

Kitambaa cha meza chenye ua linalojirudia kina hesabu yake. Ua likichukua vijumba 12 na upande una vijumba 250, maua 20 yanakula 240 na 10 vinabaki. Ukianzia kona, vyote 10 vinarundikana mwisho na kona ya pili inatoka mbovu. Ukianzia katikati, vinabaki 5 kila upande, ukaweza kuvijaza kwa kajani au kuviacha vitupu pande zote mbili kwa usawa.

Upande mmoja wa mpaka unang'aa tofauti

Rangi ni ileile, uzi ni uleule, lakini ukiinua kazi kwenye mwanga upande wa kulia una weusi kidogo. Wanaojifunza hudhani uzi ni wa toleo jingine. Chunguza miguu ya juu ya misalaba, yaani ile mishazari inayolala juu ya mingine. Ikiwa upande mmoja imelalia kulia na upande mwingine kushoto, umeshona huku ukigeuza kitambaa.

Kila mara unapoanza upande mpya wa mpaka kuna kishawishi cha kukizungusha kitambaa robo mzunguko ili mkono ukae vizuri. Robo mzunguko inageuza mwelekeo wa mguu wa juu. Nusu mzunguko, yaani juu kuwa chini, haiugeuzi. Kwa hiyo ukitaka kuzungusha, zungusha nusu. Uzi wa kona niliotaja mwanzoni unakusaidia hapa pia: ukiuona umehamia juu kulia au chini kushoto, simama.

KARIBU haijakaa katikati

Maandishi hayaanzwi kwa herufi ya kwanza, wala hayaanzwi kwa herufi ya kati. Yanaanzwa kwa kijumba cha kati. Chukua neno KARIBU kwa herufi za upana wa miraba 6, I ikiwa na 3, na nafasi ya miraba 2 baina ya herufi. Herufi tano mara 6 ni 30, jumlisha 3, jumlisha nafasi tano za 2, jumla 43. Katikati ni mraba wa 22. Ukihesabu tangu K utakuta mraba wa 22 ni mguu wa kulia wa R. Mtu aliyegawa herufi sita kwa mbili na kuweka katikati baina ya R na I amelisogeza neno zima kushoto kwa kijumba kimoja na nusu. Kwenye kitambaa kipana hakuna atakayejua. Juu ya mlango uliodariziwa chini yake, neno litaonekana limeteleza.

Andika neno lako kwenye karatasi ya hesabu kwanza, mraba kwa mraba, uhesabu upana wote. Kisha anzia kijumba cha kati uende kulia, urudi uende kushoto.

Vitambaa vya makochi: ua limejificha nyuma ya mgongo

Hapa kanuni ya katikati inakosea waziwazi. Kitambaa cha mgongo wa kochi hakionekani chote, kwani sehemu ya juu inakunjwa kwenda nyuma. Katikati ya kitambaa huangukia karibu na mkunjo, na ua ulilolihangaikia linatazama dari.

Kilaze kwenye kochi lenyewe kabla ya kushona, tia pini pale kitambaa kinapokunjwa juu ya mgongo, kisha utafute katikati ya sehemu ya mbele peke yake. Kwa upana, anza kati. Kwa urefu, hesabu kutoka pindo la chini, maana ndilo linaloonekana likiwa kwenye mstari mmoja sebuleni kote. Kwa seti, andika idadi ya vijumba kutoka pindoni hadi msalaba wa chini kabisa, na uitumie ileile kwa kila kitambaa. Usipime kwa sentimita, kwani vitambaa vilivyokatwa kwa mkono hutofautiana kidogo na pindo likishapigwa tofauti inaongezeka. Kwa hiyo piga pindo kwanza, darizi baadaye. Kwenye kitambaa cha mirabamiraba, kile kinachoshonwa msalaba mmoja ndani ya kila mraba wa rangi, hakikisha pia kila kimoja kinaanzia kwenye mraba wa rangi ileile, la sivyo seti itaonekana imetoka mikono miwili.

Safu zinajirudia, picha imenenepa

Dalili hii ni ya michoro mikubwa ya kurasa nyingi, hasa picha za watu zilizogeuzwa kuwa mchoro kwa programu, ambazo hazina uwazi hata kidogo. Uso una safu mbili za pua. Chanzo ni kwamba kila ukurasa hurudia safu chache za ukurasa uliotangulia, mara nyingi zikiwa zimetiwa kijivu, ili zikuongoze. Hazishonwi tena. Zipige mstari kabla ya kuanza.

Kwa kazi ya namna hii sikushauri katikati. Anzia kona ya juu, kushoto kama unatumia mkono wa kulia, na kulia kama unatumia wa kushoto, ili mkono usilalie kazi iliyokwisha. Kurasa zinafuatana zenyewe, na kila fungu jipya lina majirani pande mbili wa kulikosoa. Lakini kona inahitaji hesabu ya ukubwa iwe imefanywa kweli. Anayeanzia kati hupoteza kidogo kila upande akikosea, anayeanzia kona hupoteza vyote upande mmoja.

Nyeupe imekuwa ya kijivu, nyekundu imechuja

Mahali pa kuanzia ni pamoja na rangi ya kuanzia. Weupe wa mandhari uache mwisho, kwa kuwa utaguswa na mikono yenye jasho kwa miezi. Vidoa vidogo vyeupe, kama mng'ao wa jicho, vishone kabla ya weusi unaovizunguka. Kama weusi umeshatangulia, sindano yenye uzi mweupe ipandie kwenye tundu tupu, ishukie kwenye tundu lenye uzi mweusi. Ukifanya kinyume, inapanda na vumbi la uzi mweusi juu ya weupe.

Nyekundu iliyokoza ijaribu kwanza: lowesha kipande, kibane ndani ya kitambaa cheupe, uangalie. Ikichuja, ioshe kwa maji baridi mpaka yatoke meupe, kabla ya kushona.

Mbele kuna kijinundu

Ni fundo la kuanzia, limebanwa na kioo cha fremu. Ukishona kwa nyuzi mbili kati ya zile sita za uzi wa kudarizi, hulihitaji. Chukua unyuzi mmoja wa sentimita 90, ukunje katikati, tia ncha mbili kwenye tundu la sindano. Panda kutoka nyuma, acha kitanzi kidogo, shuka, pitisha sindano ndani ya kitanzi, vuta taratibu.

Hakuna matundu ya kuhesabu

Gauni la pamba au shati halina vijumba, na anayebuni kwa jicho hupata misalaba isiyolingana. Tumia kanvasi ya kutupwa: inashikizwa juu ya nguo, unashona ukiihesabu, kisha unailowesha na kuzichomoa nyuzi zake moja moja chini ya misalaba. Kwa kifua, vaa nguo kwanza, mtu akuwekee pini chini ya shingo na nyingine kiunoni, na mstari unaounganisha pini hizo ndio wa kati. Mshono wa shingo haufai kuwa kipimo, kwa maana mara nyingi hauko katikati ya mwili. Sanaa ya darizi ya Palestina, ambayo UNESCO iliiandikisha mwaka 2021, inajulikana sana kwa mapambo ya kifua ya misalaba, na ulinganifu wa kushoto na kulia ndio uzuri wake. Inafaa kuitazama kwa makini kabla ya kujaribu kifua chako cha kwanza.

Imebidi kufumua

Kata misalaba upande wa mbele kwa mkasi mdogo, mguu wa juu peke yake, kisha chomoa kwa nyuma kwa sindano butu, vipande vifupi vifupi. Usivute uzi mrefu kupitia matundu, unayapanua na kuacha manyoya. Manyoya yakibaki, yaokote kwa kipande cha utepe wa kunata. Uzi uliofumuliwa usiurudishe, umeshapoteza mng'ao. Matundu yaliyolegea yakwangue kidogo kwa ukucha kwa urefu na kwa upana, nyunyizia maji, acha yakauke. Baada ya hapo hesabu upya kutoka mstari wa bandi, usihesabu kutoka kwenye misalaba iliyobaki, kwa sababu huenda nayo ilishakosewa.